Mwaka wa Kumi na Mbili wa Mfalme Elpaali

Wananchi wa Samaria, vijiji vyake, visima vyake na malisho yake, mnatangaziwa kwa furaha kuu kwamba Mfalme Elpaali bin Heleki, aliyeketi kwenye kiti cha enzi mwaka huu wakati wa shayiri, sasa ametimiza mwaka wa kumi na mbili wa utawala wake wenye heri. Mnaombwa kushangilia kwa utaratibu, na mkimaliza mrudi kazini.

Tangazo hilo niliandika mimi. Kwa wale wachache wasionijua, naitwa Ezboni bin Gera, Msimamizi Msaidizi wa Ofisi ya Miaka katika jumba la mfalme. Msimamizi kamili hatuna. Kila anayepewa cheo hicho huondoka pamoja na mfalme wake, siku hiyohiyo na kwa upanga uleule. Mimi nimekataa kupandishwa cheo chini ya wafalme wanne, na afya yangu ni nzuri.

Kazi ya Ofisi ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Kwetu hakuna jambo lisilo na mwaka wa mfalme: ndoa, ugomvi wa kisima, mtungi wa mafuta, hata kifo cha punda. Mfalme akibadilika, nchi nzima inaanza moja. Tena sisi si kama ndugu zetu wa Yuda. Kule, mfalme akiketi katikati ya mwaka hawamhesabii kitu hadi mwaka mpya uje. Wanasema bado anapasha kiti moto. Sisi tunamhesabia mwaka mzima hata kama ameketi jana jioni. Zaidi ya hapo, mwaka wao unaanza wakati wa kuvuna zabibu, wetu unaanza wakati wa kuvuna shayiri. Ndiyo maana barua za Samaria na Yerusalemu hazijawahi kukubaliana tarehe, na kuna vita viwili ambavyo, kwa hesabu zao, tulivishinda kabla havijaanza.

Elpaali alipata ufalme kwa njia ya kawaida. Yeye alikuwa akida wa magari ya vita, Mfalme Ahiani alikuwa mezani anakula dengu, na mkuki ulikuwa katikati yao. Hakuna aliyeshangaa. Huo ndio utaratibu wetu, na hakuna mwingine uliowahi kufanyiwa majaribio hapa ukafaulu. Kwa kuwa aliketi siku chache kabla ya mwaka mpya, nyama ya karamu ilikuwa haijaisha tayari yumo mwaka wa pili. Nilimpongeza kwa kasi hiyo.

Baada ya hapo ilifuata hatua ya usafi, yaani kuondoa wanaume wote wa nyumba ya mfalme aliyetangulia, ili asitokee mtu wa kudai kiti. Usafi ulikwenda vizuri, isipokuwa kwa mtu mmoja: Aniamu bin Shemida, mdogo wake Ahiani, mkamua zeituni. Aniamu alikuwa mnene, mpole, na alizimia kila kuku alipochinjwa. Siku ya mkuki alitoweka na hakuonekana tena. Kwa mujibu wa desturi, kichwa chake kilikuwa mali ya serikali, na serikali ilikuwa inakisubiri.

Mambo yangebaki hivyo kama si tumbo la mfalme.

Upo utaratibu kwamba mfalme hunywa mvinyo wa miaka yake mwenyewe tu. Kunywa mvinyo wa miaka ya mwingine ni kukiri kwamba huyo mwingine alikuwa na miaka. Basi kiangazi kizima Elpaali alikunywa maziwa ya mgando. Zabibu zilipovunwa akaletewa mvinyo wake wa kwanza, ukiwa bado unatoa povu. Siku ya tatu akaniita.

"Ezboni, hiki ni nini?"

"Mvinyo, Mtukufu. Wa mwaka wako wa pili."

"Huu si mvinyo, huu ni ugomvi." Akashika tumbo. "Jana mjumbe wa Tiro ananisomea salamu, tumbo likamjibu kabla yangu. Ghalani mle nimeona mitungi imejaa mpaka mlangoni. Ile ni ya nani?"

"Ya mwaka wa sita wa Ahiani, Mtukufu. Na wa nane. Na wa tisa, ule wa tisa wanasema ni mtamu mno."

"Nani aliweka huu utaratibu wa kila mtu na miaka yake?"

"Ofisi, Mtukufu."

"Ofisi ndiyo nani?"

"Mimi."

Mfalme aliutazama mkuki wake ukutani, kisha akanitazama mimi, kisha mkuki tena. "Basi Ofisi ikanitafutie miaka."

Niliunda kamati ndogo yenye mjumbe mmoja, nikakutana, nikajadiliana kwa kina, na akidi ilitimia kila kikao. Matokeo yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Iligundulika kwamba miaka mingi nyuma, mwaka uleule alioketi Ahiani, Elpaali akiwa kijana kambini Gileadi alikula kondoo mzima peke yake, na askari wenzake wakapiga kelele wakisema, "Aishi mfalme!" Wenyewe walidhani wanatania. Lakini kisheria huo ulikuwa ukiri wa hadhara, uliofanywa na wanaume wazima, mbele ya mashahidi na mifupa. Kwa hiyo Elpaali alikuwa mfalme tangu siku ile, isipokuwa alikuwa hajajulishwa.

Faida za uamuzi huu zilikuwa nyingi. Kwenye mitungi hatukugusa namba. Tulifuta jina tu kwa kitambaa chenye maji tukaandika lingine. Mwaka wa tisa wa Ahiani ukawa mwaka wa tisa wa Elpaali, na mfalme akaunywa jioni ileile akalala kama mtoto. Kuhusu Ahiani mwenyewe, Ofisi iliamua kwamba hakuwahi kuwa mfalme. Alikuwa mkaazi wa jumba.

Ili kuimarisha utekelezaji, nilipendekeza kifungu cha nyongeza, na mfalme akakitia muhuri bila kusoma, maana alikuwa na kikombe mkononi: *Yeyote atakayesema kwamba Ahiani alikuwa mfalme, awe nani, na asimame wapi, atapigwa mawe na watu wote waliopo.* Maneno "awe nani" niliyaongeza kwa ajili ya uzuri wa sauti tu. Amri ilisomwa kwenye malango yote, na nakala ikaenda Yerusalemu, ambako nasikia waandishi wawili waliacha kazi.

Kisha zeituni zikaiva, na Aniamu akakamatwa.

Kumbe alikuwa amejificha miezi yote hiyo kwenye pango la mbuzi juu ya kijiji chake, analetewa mkate na mkewe. Angeweza kukaa humo hadi uzeeni. Lakini aliposikia watu wanakamua zeituni zake, na kwa mlio wa jiwe la kukamulia akajua kwamba wanakamua vibaya, alishindwa. Askari walimkuta kwenye shinikizo, mafuta hadi viwikoni, anamgombeza mpwa wa jirani. Aliwaomba wamngoje amalize kapu lile. Wakamngoja, kwa sababu kweli lilikuwa karibu kuisha.

Kesho yake akaletwa langoni pa mji kuhukumiwa. Lango letu lilikuwa linakarabatiwa, mawe yamerundikwa kila upande, na watu walikuwa wamejaa hadi juu ya mawe. Wazee wa mji waliketi kwenye benchi lao, katikati yao Mzee Hefa, aliyekuwa na ndevu ndefu na uvumilivu mfupi. Mfalme alikuja mwenyewe na kiti chake, kwa sababu alipenda kuona jambo likiisha. Aniamu alisimama amefungwa kamba, akimwomba radhi kila askari aliyemkanyaga. Pembeni yake alisimama mkewe, Hogla, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kukamulia, ambaye hakuna aliyemwita na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Mimi ndiye niliyesoma shtaka. "Aniamu bin Shemida, mkamua zeituni, kwa mujibu wa desturi ya usafi, unatakiwa kutoa kichwa chako, kwa kuwa wewe ni ndugu wa..."

Hapo nikanyamaza. Naomba nieleweke: sikusahau. Niliona mawe.

"Ndugu wa nani, baba?" akauliza Hogla. "Malizia. Sote tunakusikiliza."

"Ndugu wa Ahiani," nikasema.

"Ahiani yupi huyo?"

"Aliyekuwa... jumbani."

"Jumbani akifanya nini?"

"Akikaa."

"Akikaa kama nani?"

"Kama mkaazi," nikasema, na watu wakaangua kicheko ambacho hakikuwa na adabu hata kidogo.

"Haya, wazee wangu," akasema Hogla, akigeukia benchi. "Mmemsikia mwenyewe mwenye ofisi. Mkaazi tu. Tangu lini hapa Samaria mtu anakatwa kichwa kwa sababu kaka yake alikuwa mkaazi? Mbona mimi kaka yangu anakaa Yezreeli, nije nikatwe lini?"

Wazee wakainamiana, wakanong'ona. Nilimtazama mfalme, mfalme akanitazama mimi, na sikupenda macho yake. Mzee Hefa akainuka.

"Desturi ni ya ndugu wa mfalme. Huyu si ndugu wa mfalme. Mfungueni aende zake."

Aniamu alilia hapohapo, kwa sauti, kama mtu aliyerudishiwa mtoto wake. "Asanteni wazee. Asante sana, Mtukufu. Mungu awazidishie. Basi mimi naomba niwahi, kuna zeituni nimeziacha kwenye kapu, zikilala siku mbili zinachacha." Akaanza kuondoka. Hogla akamshika mshipi.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mke wangu. Yameisha."

"Hayajaisha. Simama."

"Hogla, nakuomba. Kichwa bado ninacho, tusiongeze maneno."

"Miezi sita nakupandishia mkate mlimani kama napelekea mbuzi chumvi, halafu unaniambia tusiongeze maneno? Simama hapo." Akasimama. Hogla akarudi mbele ya benchi. "Wazee, nina swali dogo. Shemeji yangu Ahiani, yule mkaazi, alifia wapi?"

"Mezani!" watu wakajibu.

"Anakula nini?"

"Dengu!"

"Aliugua?"

"Aa wapi!"

"Sasa aliyemuua ni nani?"

Sasa, lazima nieleze kwamba Mfalme Elpaali alikuwa ameamuru utungwe wimbo wa ngoma kuhusu usiku ule wa mkuki, uimbwe kila mwezi mwandamo. Ulikuwa wimbo mzuri, wenye kiitikio, na hakuna mtoto Samaria asiyeujua. Hogla hakusema neno. Alianza kuupiga makofi polepole. Mtu mmoja juu ya mawe akaanza kuimba, wa pili akaitikia, na kabla askari hawajajua wafanye nini lango zima linaimba: *Ni nani aliyemchoma? Ni Elpaali! Mara ngapi? Mara tatu!* Mfalme mwenyewe, kwa mazoea, alikuwa anagonga mguu.

Akauacha mguu hewani.

"Mtu wa kawaida," akasema Mzee Hefa taratibu, akihesabu kwa vidole, "ameuawa nyumbani kwake, anakula, pasipo vita. Angekuwa mfalme, tungesema ni mambo ya wafalme, hayatuhusu. Lakini si mfalme. Basi hii ni damu ya jirani, na damu ya jirani ina mwenyewe. Mlipiza kisasi chake ni nani?"

"Ndugu wa karibu wa kiume," akasema Hogla. "Amebaki mmoja. Si mmeshawamaliza wengine?"

Watu wote wakamgeukia Aniamu. Aniamu akageuka nyuma kuona wanamtazama nani.

"Mimi? Hapana. Hapana, jamani, mnanifahamu. Mimi hata kuku..."

"Sheria haijakuuliza habari za kuku," akasema Mzee Hefa.

Mfalme aliinuka. Uso ulikuwa mwekundu, na safari hii si kwa mvinyo. "Inatosha! Mchezo gani huu? Kila mtu hapa anajua, na mimi najua, kwamba Ahiani alikuwa mf..."

Nimehudhuria sherehe nyingi za serikali, lakini sijawahi kuona umma ukitekeleza amri kwa moyo namna ile. Watu wote waliinama kwa pamoja. Wazee waliinama. Wanawake waliinama. Bibi mmoja aliyeletwa kwenye kitanda aliomba apewe la kwake, akapewa. Kisha wakanyooka, kila mmoja na jiwe mkononi, wakamtazama mfalme kwa heshima, wakisubiri amalizie neno.

Mfalme alifunga mdomo.

"Ezboni," akaninong'oneza bila kusogeza midomo. "Kifute kile kifungu."

"Mtukufu, vifungu vya Ofisi hufutwa mwaka mpya tu."

"Mwaka mpya lini?"

"Shayiri ikikomaa."

"Na sasa hivi ni wakati wa nini?"

"Zeituni, Mtukufu."

Akamgeukia akida wake. "Muue huyu mkamua mafuta."

Akida alikohoa. "Mtukufu, mimi nina wake wawili na watoto. Angekuwa ndugu wa mfalme ningemmaliza sasa hivi, kazi ni kazi. Lakini huyu ni mlipiza kisasi cha damu. Nikimgusa, ukoo wa Shemida wote watanitafuta mimi, na wale si watu, ni siafu. Mtukufu, unisamehe tu."

Nilimwonea huruma mfalme. Nasema kweli, nilimwonea, ingawa nilikuwa pia nimeanza kusogea mbali na kiti chake. Mzee Hefa ndiye aliyemwonyesha mlango. "Shekemu ni mji wa makimbilio," akasema. "Aliyeua bila kukusudia akifika kule, hakuna wa kumgusa. Njia ni fupi. Ila mlipiza kisasi akikukuta njiani, sisi hatumo."

Hogla alikuwa ameshampa mumewe mti wa shinikizo, ule wa kuzungushia jiwe. "Haya, kimbia."

"Nikimpata je?"

"Utajua hukohuko."

Historia itaandika kwamba Aniamu alimfukuza mfalme hadi Shekemu, na itakuwa kweli. Gari la mfalme lilitoka langoni likipiga vumbi. Aniamu alifuata kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuposa asikotaka, akisimama kila kona kuvuta pumzi na kumpa mfalme nafasi. Mimi nilipanda nyuma ya gari na muhuri wa Ofisi kifuani, kwa kuwa miaka haiwezi kuachwa bila msimamizi, na kwa kuwa wale watu walikuwa bado wameshika mawe.

Wazee wa Shekemu walitupokea nje ya lango lao na kumhoji mfalme kama wanavyomhoji mtu yeyote.

"Uliua kwa kukusudia au bila kukusudia?"

"Bila kukusudia. Mkuki uliniponyoka."

"Uliponyoka ukamchoma mara ngapi?"

Alinitazama. Lakini wimbo ulikuwa umefika hadi Shekemu zamani, na mtoto mmoja ukutani alikuwa tayari anauimba.

"Mara tatu," akasema mfalme. "Mkono ulikuwa na mafuta."

Wakamwingiza. Wakampa chumba juu ya duka la kamba, na wakamsomea masharti: hatatoka nje ya mpaka wa mji hadi kuhani mkuu aliyepo afe. Siku hiyo ndipo atakuwa huru na damu haitadaiwa tena. Mfalme akauliza kwa upole kuhani mkuu ana umri gani. Akaambiwa ni mtu wa makamo, meno yote yapo, na kila asubuhi anapanda mlima kwa miguu.

Miaka mitatu imepita. Samaria inaendeshwa na wazee wa lango, na watu wanasema haijawahi kuendeshwa vizuri hivi, jambo ambalo Ofisi haina maoni nalo. Walimwomba Aniamu akae kwenye kiti, akauliza kama kinaweza kupelekwa shinikizoni, wakamwacha. Kwa hiyo mfalme kisheria bado ni Elpaali, na kila shayiri ikikomaa namwongezea mwaka. Yuko wa kumi na tano. Kila mwezi mwandamo anatuma mtu kumjulia hali kuhani mkuu, kwa zawadi ya mafuta ya kondoo, nyama za kukaanga na kila kitu kizito kinachopatikana sokoni. Kuhani anagawia maskini na kurudisha jibu lilelile: "Mwambieni Mfalme asiwe na wasiwasi. Mimi mzima kabisa."

Siku za soko Aniamu huleta mafuta yake Shekemu. Hawezi kuingia na mti wa shinikizo, na Hogla hamruhusu kuja bila huo mti, kwa hiyo anauzia nje ya lango, hatua chache kutoka jiwe la mpaka. Siku ya soko iliyopita mfalme alishuka, mimi nikiwa nyuma yake na muhuri, akasimama upande wa ndani wa jiwe.

"Hujambo, Aniamu."

"Sijambo, Mtukufu. Wewe je? Umepungua."

"Chakula cha huku hakina mafuta."

"Oo. Pole sana." Aniamu akajaza kibuyu kidogo akakisogeza juu ya jiwe la mpaka. "Chukua haya. Ya kapu la kwanza."

Mfalme alikichukua. Alikishika muda mrefu, na nikaona macho yake yamelowa. "Aniamu, sikiliza. Wewe ni mtu mwema. Huwezi kuua hata kuku, Samaria nzima inajua. Nikivuka jiwe hili sasa hivi, nikapita hapa mbele yako nikaenda zangu nyumbani, utanifanya nini?"

Aniamu alifikiri kwa uaminifu. Aliutazama mti mikononi mwake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Sidhani kama nitakufanya kitu, Mtukufu," akasema. "Nikiona damu mimi nitaanguka hapahapa, sitajua kinachoendelea."

Mfalme akainua mguu kuvuka.

"Ila sijaja peke yangu," akasema Aniamu. "Hogla yuko pale chini ya mtini, anamchinjia kuku jirani."

Mfalme alitazama mtini. Alitazama kwa muda wa kutosha. Kisha akarudisha mguu, akanigeukia na kusema tutangulie ndani, jua limekuwa kali, nami kwa niaba ya Ofisi ya Miaka nikaandika kwamba katika mwaka wa kumi na tano wa utawala wake wenye heri Mfalme Elpaali alifanya ziara hadi mpakani, akakagua hali, akaridhika nayo, na akarejea kwa hiari yake.